Kabla ya kumwondoa opareta kwenye kituo kikuukuu cha pampu

Uamuzi ukipitishwa kwamba kituo cha zamani cha maji kiendeshwe kutoka ofisini, vitu vya kwanza kununuliwa huwa ni skrini na modemu. Hivyo vije mwisho. Anza kwa kukaa na opareta zamu nzima, ya usiku pia, ukiandika kila anachofanya bila kuagizwa: anagusa beringi kujua joto, anasikia mlio kama wa kokoto ndani ya pampu isiyopata maji ya kutosha, anaona valvu ya kuzuia maji yasirudi ikichelewa kujifunga. Kila kitu kwenye orodha hiyo kinahitaji sensa (kifaa cha kupima), relei (swichi inayoendeshwa na umeme) au ziara ya fundi. Kisipopata hata kimoja, kituo hicho hakijawa tayari.

Chukua pampu inayovuta maji ziwani Kisumu. Upepo ukigeuka usiku, magugu maji hujaa kwenye wavu wa kuingizia maji. Opareta huona geji ya upande wa kufyonza ikishuka, akatoka na ndoano. Aliye ofisini haoni chochote hadi pampu ikauke. Weka sensa mbili za kina, moja nje ya wavu na nyingine ndani. Tofauti ikifika sentimita 20 mfumo utoe onyo, ikifika 40 pampu isimame. Namba hizo ni za kuanzia tu, utazirekebisha ukishauzoea wavu wako.

Ongeza relei ya mzigo mdogo. Pampu ya kuzungusha ikikosa maji, ampia hushuka, kwa hivyo ovalodi ya kawaida, inayozima mota ampia zikizidi, haiamki kabisa. Mota ya kilowati 55 kwenye volti 415 huvuta karibu ampia 100 ikiwa na mzigo kamili. Pima yako kwa mita ya klempu ikiwa kazini, kisha funga valvu ya kutolea kwa muda mfupi uone inashuka hadi wapi. Kikomo kiwe kati ya namba hizo mbili, juu kidogo ya ile ya chini, na kicheleweshwe sekunde 5 hadi 10. Relei hiyo moja sasa inakamata pampu iliyokauka na pia valvu iliyosahaulika ikiwa imefungwa.

Kisha paneli yenyewe. Mchoro uliobandikwa ndani ya mlango mara nyingi si wa nyaya zilizomo. Fuata kila waya, uupe namba, uchore upya. Usiunganishe kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayotoa amri kituoni, moja kwa moja na koili ya kontakta ya zamani, ile swichi kubwa inayowasha mota. Pitisha amri kwenye relei ndogo ya volti 24, maana kontakti za ndani ya kidhibiti hazikuundwa kubeba koili kubwa na huweza kuungana kwa joto. Kontakta kuukuu nayo hugandana: skrini inasema pampu imezimwa, huku pampu inazunguka. Ndiyo maana taa ya "inafanya kazi" inapaswa kuwashwa na ampia zilizopimwa, si na amri iliyotumwa.

Stima yetu hukatika, wakati mwingine fezi moja tu kati ya tatu zinazolisha mota. Relei ya kulinda fezi haina mjadala. Stima ikirudi, pampu zisiamke pamoja. Ya kwanza ingoje sekunde 60, inayofuata 30 zaidi. Kwenye visima virefu kama vya Kabatini au Baharini huko Nakuru, ngoja dakika kadhaa zaidi. Valvu ya chini ikivuja, maji ya bomba la kupandishia hushuka na kuzungusha pampu kinyumenyume, na kuiwasha wakati huo kunaweza kuvunja shafti.

Swichi ya kuchagua Hapa, Zima au Mbali ikate waya wenyewe. Isiwe ya kuomba ruhusa kwa kidhibiti, na kitufe cha dharura vivyo hivyo. Fundi akiwa na mkono kwenye kapulingi, hakuna mtu wa ofisini anayepaswa kuweza kuwasha mota, hata kwa bahati mbaya. Swichi kuu ipigwe kufuli na ufunguo akae nao fundi mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda watu wake, na visingizio vya programu havitamfaa.

Swali linalorukwa sana: mtandao ukipotea, kituo kifanye nini? Kidhibiti kipokee ishara ya uhai kila sekunde 10. Ikikosekana kwa dakika 2, kijiendeshe kwa kanuni za pale pale. Tangi likiwa mlimani kilomita kadhaa, weka valvu ya floti kwenye tangi na swichi ya presha kituoni. Tangi likijaa, floti hufunga, presha hupanda, pampu huzima. Hakuna laini ya simu inayohitajika. Tumia laini mbili za kampuni tofauti hata hivyo, kwa mtandao wa faragha. Modbus, lugha ambayo vifaa hivi huongea, haiulizi nywila, kwa hivyo kuiacha wazi kwenye intaneti ni kumkabidhi mpita njia funguo za kituo.

Sensa ziwe za miliampia 4 hadi 20. Sifuri yake ni 4, hivyo waya uliokatika husoma 0 na kujulikana mara moja, badala ya kudhaniwa kuwa tangi ni tupu. Kuhusu betri, piga hesabu: vifaa vikivuta ampia 1.5 kwa saa 8, ni ampia-saa 12. Zidisha mara mbili, kwa kuwa betri huzeeka.

Radi ndiyo huharibu kazi nyingi huku kwetu. Kakamega, Kisii na Kisumu hupigwa sana, na kinga ya upande wa stima peke yake haitoshi. Kila waya wa sensa unaotoka nje ya jengo upate kinga yake, antena pia. Zote zifungwe kwenye baa moja ya ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Wapo wanaochimbia vifaa ethi ya pekee "ili iwe safi". Radi ikipiga, tofauti ya volti kati ya ethi hizo mbili hupita ndani ya kidhibiti. Lenga chini ya omu 10, na upime kiangazi, kwa kuwa udongo uliolowa hudanganya.

Kuna mitambo ya kuachwa na watu. Boila ya makapi ya miwa, au ile ya kuni kwenye kiwanda cha chai, isome kutoka mbali ukitaka, ila usiiwashe wala kuizima ukiwa mbali. Moto wa kuni hauzimwi kwa kubofya.

Siku ya kukabidhi, usikubali onyesho la skrini. Ng'oa antena, kata fezi moja, chomoa waya wa sensa, funga valvu, uone mfumo unafanya nini. Opareta abaki zamu zake za kawaida hadi msimu mzima wa mvua za masika upite, na kitabu chake cha zamu kilinganishwe kila wiki na rekodi za mfumo. Alichoandika yeye ambacho mfumo haukukiona, hiyo ni sensa ambayo bado hujanunua.