Grinda si mashine ya polishi

Kaka wa mtaa wa Area C, umeuliza kama grinda ukiifunga sponji itaondoa mikwaruzo ya gari. Usithubutu! Grinda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, itaunguza rangi kabla hujashtuka. Nunua mashine ya polishi ambayo sponji yake inazunguka huku inayumba, ya inchi 5, yenye kupunguza spidi. Ukiikandamiza sana sponji inagoma kuzunguka, na hapo ndipo rangi yako inapopona. Mashine ya polishi ya kuzunguka tu bila kuyumba waachie mafundi wazoefu.

Ila hapa Dodoma adui ni vumbi, hasa kiangazi upepo ukivuma. Osha gari kwanza, fanyia kivulini, anza na polishi laini kwenye kipande kidogo. Sponji ikidondoka chini, weka nyingine, hata kama unaiona safi.