Madogo wa CT, angalieni kichwa cha soseji

Jana nimefungua repoti ya dogo wa mwaka wa kwanza, imeandikwa "intasasepsheni ipo" (utumbo umeingia ndani ya mwenzie, kwenye picha unaonekana kama soseji), nukta, kalala. Sasa sajoni, daktari wa upasuaji, aifanyie nini hiyo, aiweke fremu? Nilitaka kumpigia nimfokee ila nikakumbuka yangu, ndo maana naandika.

1. Mafuta ndani ya soseji sio lazima yawe lipoma, ule uvimbe wa mafuta usio kansa. Saa nane usiku, mama wa miaka sitini na kitu, tumbo linakata linaachia miezi kadhaa, na nje kuna wa ajali wawili wanasubiri meza. Naona soseji kulia, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, katikati kuna mafuta. Nikaweka ROI, kile kiduara cha kupimia, inasoma -90, namba ya mafuta, nikaandika lipoma kwa mbwembwe zote nikaenda kunywa chai. Asubuhi bosi kavuta koronali, picha ya mwili kama unautazama kwa mbele, hajasema neno, kaweka tu kasa, mshale wa kompyuta, kwenye "lipoma" yangu na mishipa ya damu inapita humo ndani kama barabara. Ilikuwa mesenteri jamani, ile ngozi inayoshikilia utumbo na mishipa yake, utumbo ukiingia ndani ya mwenzie unaiburuta na mafuta yake! Akashuka taratibu mpaka kwenye ncha, ndo kichwa chenyewe cha soseji, pale pana uvimbe mnene umevuta dawa ya kung'arisha picha, na mimi usiku nilipita hapo hapo naskroli kama nasoma meseji za grupu la harusi. Sikamu, mwanzo wa utumbo mpana. Patholojia ikarudi kansa. Na masajoni kwa ajili ya repoti yangu walikuwa wameshampanga wiki inayofuata, kwamba ni lipoma haina haraka. Kuwapigia simu kuwaambia nilikosea, mkono ulikuwa unatetemeka.

2. Mtu mzima sio mtoto, kwa mtoto chanzo mara nyingi hukioni, kwa mtu mzima mkiikuta kwenye utumbo mpana wazeni kansa kwanza.

3. Muulizeni mgonjwa kama aliwahi kufanyiwa bypass ya tumbo, ile operesheni ya kupunguza unene, nayo inaweza kuwa chanzo.

4. Pimeni urefu wa soseji. Ikiwa kwenye utumbo mdogo, chini ya sentimita 3.5, utumbo wa nyuma yake haujatanuka, kwenye ncha hakuna kitu, hiyo mara nyingi inajiachia yenyewe. Nilishamwamsha sajoni kwa ya namna hiyo, kijana wa bodaboda kaja kwa ajili ya figo tu, tukarudia na ultrasaundi utumbo umenyooka zamani, kijana anauliza chakula kiko wapi. Yule sajoni mpaka leo akinikuta kantini ananiita Soseji.