Maswali na majibu: U si chini, S si juu

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu treni za Berlin, na nusu yake zinauliza mambo niliyokwisha kuyajibu. Nayajibu tena kwa sababu watu bado wanatozwa faini.

Shikamoo Mama. Niliambiwa U-Bahn ni ya chini ya ardhi na S-Bahn ni ya juu. Mbona jana nimepanda ngazi kuifuata U-Bahn?

Marahaba mwanangu. Aliyekuambia hivyo amekupoteza. Nenda stesheni ya Schönhauser Allee ukajionee: U2, yaani njia namba 2 ya U-Bahn, inapita juu ya kichwa chako kwenye daraja la chuma, na S-Bahn iko chini, kwenye njia iliyochimbwa kama korongo. U1 na U3 nazo zinapita juu ya barabara kule mtaa wa Kreuzberg, wakati S1, S2, S25 na S26 zinakatiza katikati ya mji ndani ya handaki.

Herufi inakueleza aina ya reli, haikuelezi kina chake. U-Bahn ni ya mjini. Ilianza 1902, ina vituo 175 vilivyokaribiana, na inaendeshwa na BVG, shirika lile lile la mabasi na tramu. S-Bahn ni reli ya vitongoji, inaendeshwa na Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, vituo vyake vimeachana zaidi, na inafika hadi Potsdam, Oranienburg na Bernau. Safari ikiwa ndefu, tafuta kwanza alama ya S ya kijani, kisha umalizie mtaani kwa alama ya U ya buluu. Tiketi ni moja kwa zote mbili.

Na hili hukuuliza, lakini lisikie: zote zinavuta umeme wa volti 750 kutoka reli ya tatu iliyo kando ya njia. Simu ikikudondokea relini, usishuke kuiokota. Hata kama hakuna treni inayoonekana, usishuke.

S41 na S42 zinasimama vituo vile vile. Nipande ipi?

Zote zinazunguka Ringbahn, duara la kilomita 37 lenye vituo 27. S41 inafuata mwendo wa mshale wa saa, S42 inakwenda kinyume. Mzunguko mzima ni dakika 60, kwa hiyo ukikosea utachelewa tu. Kosa la kuogopa liko kwenye njia zisizozunguka: mtu anaona S2, anarukia ndani mlango ukilia, kumbe inaelekea Blankenfelde naye anakwenda Bernau. Soma jina la kituo cha mwisho kwenye ubao. Namba peke yake haitoshi.

Uwanja wa ndege wa BER uko kanda gani?

C, kanda ya nje kabisa ya nauli. Nunua tiketi ya ABC, inayofika kanda zote tatu.

Nilinunua tiketi kwenye mashine, nikaishika mkononi, na bado wakaguzi wakanitoza yuro 60. Huu si wizi?

Si wizi, mdogo wangu. Hukuigonga. Nimeliandika hili mpaka kalamu inaniuma. Berlin haina vizuizi vya kupita kwenye mlango wa stesheni, na ndiyo maana wageni hudhani hakuna anayejali. Jukwaani kuna kisanduku kidogo: ingiza karatasi yako, kitalia, kitachapa tarehe na saa. Kabla ya hapo tiketi haijaanza kazi, na unaweza kuitumia kesho na keshokutwa. Mkaguzi hawezi kujua kama ulisahau au ulikuwa unaiwekea akiba. Wengi wao huvaa nguo za kawaida, na kitambulisho huonyesha milango ikishafungwa. Wanaonunua kwa simu nao wasikilize: nunua kabla ya kupanda, usingoje umwone mkaguzi.

Tiketi ya saa mbili, naweza kurudia?

Hapana. Saa mbili ni za kwenda upande mmoja.

Mwenye nyumba wangu, mama wa makamo, huziita stesheni fulani za mizimu. Anamaanisha nini?

Msikilize vizuri, anakusimulia maisha yake. Mji ulipogawanywa kwa ukuta Agosti 1961, U6, U8 na handaki la S-Bahn la kaskazini hadi kusini zilibaki zikihudumia Berlin Magharibi, ilhali katikati zilipita chini ya Mashariki. Stesheni za huko Mashariki zilifungwa; treni zilipunguza mwendo bila kusimama, na abiria walipitishwa mbele ya majukwaa matupu yenye mwanga hafifu na walinzi wenye silaha. Friedrichstraße peke yake ndiyo iliyobaki wazi. Ya kwanza kufunguliwa tena ilikuwa Jannowitzbrücke, Novemba 11, 1989, siku mbili tu baada ya ukuta kufunguka. Shuka Nordbahnhof, pana maonyesho ya habari hii ndani ya stesheni. Nenda naye huyo mama, akikubali.

Usiku wa manane kuna treni?

Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili, njia karibu zote hukesha. Usiku mwingine tafuta basi lenye herufi N.