Wimbi mkingamo limekinga nini?

Swali: Ninafundisha fizikia. Juzi nilifunga kamba kwenye kitasa cha mlango, nikaitikisa, nikawaambia wanafunzi, "Hili ni wimbi mkingamo." Mmoja akauliza, "Mbona limepita tu, halijakingama?" Mwalimu mwenzangu ananishauri niseme "wimbi la mshazari". Lipi sahihi?

Jibu: Mwanafunzi wako ameuliza swali zuri sana, na ni la lugha kabla ya kuwa la fizikia. Tukisema mti umekingama njiani, maana yake umelala kutoka ukingo huu hadi ule, na kwa kulala hivyo umeziba njia. Wengi wetu tunashika hilo la kuziba, tunasahau la kulala. Lakini kiini cha neno ni mkao. Lilinganishe na simama, inama, chutama, egama: kiishio -ama katika vitenzi hivi kinaeleza jinsi kitu kilivyokaa. Kukingama ni kukaa kwa kuikata njia. Kuziba ni matokeo, yanaweza kuwapo au yasiwepo.

Sasa, kwenye kamba yako kilichokingama si wimbi, ni mtikisiko. Funga utepe mwekundu katikati ya kamba, kisha utikise mkono mara moja, juu na chini, na uwaombe wanafunzi wautazame utepe peke yake. Utapanda, utashuka, halafu utatulia palepale ulipokuwa, huku kile kilima cha kamba kikikimbilia kitasani. Wimbi limekwenda mbele. Utepe umekwenda juu na chini. Njia hizo mbili zinakatana kwa pembe mraba, yaani nyuzi 90. Mkingamo ndio huo.

Ndiyo maana mshazari haufai. Mshazari ni mwinamo, kama mstari unaotoka kona moja ya ukurasa hadi kona ya upande wa pili. Mwanafunzi akilisikia neno hilo atachora mishale iliyoinama, na kosa hilo litakuwa limetoka kinywani mwetu.

Chunga pia vitenzi. Ukisema "kamba inakwenda hadi mlangoni" somo limeharibika, kwa sababu kamba haiendi popote. Wimbi linapita, kamba inatikisika. Kinachosafiri ni nishati. Mimi ningezisema sentensi hizo mbili kila mara zikiwa pamoja, mpaka wazizoee.

Kwa wingi ni mawimbi mkingamo, si "mawimbi makingamo". Mkingamo ni nomino iliyowekwa kando ya nomino nyingine, na haibadiliki, kama pori lisivyobadilika katika wanyamapori. Mawimbi ya mkingamo nayo haina tatizo.

Nakusihi usianze na mfano wa bahari, ijapokuwa neno wimbi linatukumbusha huko kwanza. Maji ya juu ya bahari wimbi likipita huzunguka kama duara: hupanda na kushuka, na pia huenda mbele na kurudi nyuma, kwa hiyo yatawachanganya. Afadhali uchukue springi ndefu, uilaze sakafuni, uisukume na kuivuta kwa kufuata urefu wake. Mizunguko yake itabanana na kuachana, mtikisiko ukifuata njia ileile ya wimbi, kama sauti inavyofanya hewani. Hapo mwanafunzi wako akisema hakuna kilichokingama, mwambie amepatia.