Kidoa kinachojirudia kwenye kitenge

SWALI: Mhariri, jora moja la kitenge lina kidoa cheupe kila baada ya maua manne. Lingine lina mstari mwembamba wa rangi toka mwanzo hadi mwisho. Wateja wanalaumu pasi yangu. Tena, nikitaka maua yakutane kwenye mshono, kitambaa hakitoshi.
Fundi, Mlango Mmoja, Mwanza

JIBU: Fundi, chukua tepu upime toka kidoa hadi kidoa. Ukipata sentimita 64 au karibu na hapo, pasi yako haina kosa. Vitenge vingi siku hizi huchapwa kwa silinda za nikeli zenye matundu madogo mno, kila rangi na silinda yake, na mzunguko wa silinda ya kawaida ni sentimita 64. Uji wa rangi husukumwa toka ndani. Tundu likiziba, kila mzunguko huacha pengo palepale.

Mstari usiokatika hausababishwi na tundu bali na kisu kinachosukuma rangi: kikipata pengo kidogo, au uchafu ukinasa hapo, kinachora muda wote kitambaa kinapopita. Jora la namna hiyo lirudishe dukani kabla hujatia mkasi.

Kabla ya Mskoti Thomas Bell kusajili uchapaji wa rola za shaba mwaka 1783, mchapaji aligonga muhuri wa mti kwa mkono, akaligeuza ua atakavyo. Rola iliongeza kasi, lakini ikambana mchoraji: ua lazima ligawe mzunguko bila kubaki; kwa silinda ya leo ya 64, ni kama kila 64, 32 au 16. (Kanga yenye pindo pande nne na urefu wa kama mita moja na nusu haiwezi kutoka kwenye silinda ya 64.)

Hapo ndipo kitambaa chako kinapoishia. Mchoro ukijirudia kila 64, na kipande cha gauni ni sentimita 110, cha pili hakianzii 110 bali 128. Vipande vinne vinakula 494, siyo 440. Ua likirudi kila 16, anzia 112, utabaki na cha kushonea mikono. Loweka kwanza, kikauke, ndipo upime: pamba ikisinyaa, hata hiyo 64 inapungua.

SWALI: Chumvi inazuia kitenge kuchuja?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Hapana. Chumvi husaidia rangi kuingia wakati wa kutia rangi, si baadaye. Kinachotoka ni rangi iliyozidi. Kifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yawe meupe; yakigoma hata mara ya tano, rangi haikushikizwa vizuri kiwandani.