Maswali ya Wasomaji: Uwiano Mzuri Hautoshi

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni kwetu Nairobi tumefungiwa kihisi kinachotoa kiwango cha vumbi laini la hewani kila saa. Waliotuuzia wanasema kilijaribiwa kando ya kifaa rasmi cha chujio, wakapata uwiano wa 0.95. Je, tukiamini? — Mwalimu, Nairobi

JIBU: Msikiamini bado, Mwalimu, kwa sababu uwiano wa 0.95 hueleza tu kwamba vifaa hivyo viwili hupanda na kushuka pamoja, wala hausemi kama vinataja kiasi kimoja. Kihisi kinachosoma 30 kila chujio linapoonyesha 20, na 60 linapoonyesha 40, kitapata uwiano kamili wa 1 ilhali kinazidisha kwa nusu nzima. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa saa 24 wa chembe za PM2.5, yaani vumbi laini lenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Kihisi cha namna hiyo kingetangaza 18 siku yenye 12, nanyi mngewafungia watoto madarasani bila sababu. Waulizeni basi mteremko wa mstari unaolinganisha vipimo vya kihisi na vya chujio ni kiasi gani, yaani kihisi huongeza kiasi gani chujio linapoongeza 1, na ukiwa mbali na 1, wameusahihisha vipi.

Chujio lenyewe hudai uangalifu mkubwa. Kwa utaratibu wa Marekani, hewa hupitishwa kwenye chujio kwa lita 16.67 kila dakika kwa saa 24, yaani mita za ujazo 24 hivi, na hewa ikiwa na mikrogramu 20 kwa kila mita ya ujazo, uzito unaoongezeka kwenye chujio haufiki nusu ya miligramu. Ndiyo maana chujio hushikwa kwa kibano na hutulizwa katika chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa kabla ya kupimwa, la sivyo maji lililonyonya yatahesabiwa kuwa vumbi.

Vifaa vya kupima mfululizo navyo vina udhaifu wake. Vile vya mizani inayotetema vilipasha hewa hadi nyuzi 50 ili kuondoa maji, vikapoteza pamoja nayo nitrati ya amonia, hata Uingereza ikalazimika kwa miaka kuzidisha vipimo vyake vya PM10 (chembe zisizozidi mikromita 10) kwa 1.3. Vihisi vidogo vya bei nafuu, ambavyo kwa kawaida hutumia mwanga, hukosea upande wa pili: unyevu ukipanda, chembe hunyonya maji na kuvimba, kipimo kikapanda ingawa vumbi ni lile lile.

Kwa hiyo ulizeni pia jaribio lilifanyika wapi na miezi gani. Kihisi na kifaa cha chujio vinapaswa kusimama mita 1 hadi 4 kutoka kimoja hadi kingine, midomo ya kuvutia hewa ikiwa kwenye kimo kimoja. Masahihisho yaliyopatikana katika ukavu wa Januari na Februari msiyakubali kwa Julai ya Nairobi, yenye baridi na mawingu mazito. Ombeni jedwali lote la vipimo, siku kwa siku, maana siku chache za moshi mwingi huweza kuuvuta mstari mzima na kuficha makosa ya siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi kwa wanafunzi wenu.