Macho ya baba yanaganda kwenye bao, ni jini au ugonjwa?

SWALI: Dokta shikamoo. Mie nakaa Makorora hapa Tanga, baba yangu ana miaka 67, mwaka jana aliambiwa ana Parkinson na dawa anatumia. Mkono kutetemeka tushazoea, shida ni macho. Baba bao ndo maisha yake, kila alasiri yuko barazani na kahawa yake, sasa siku hizi anashika kete mkononi halafu macho yanaganda palepale, hapepesi, wenzie wanadhani kanuna. Miwani tumebadilisha mara mbili, hela imeenda bure. Ila cha ajabu nikigonga kidole kwenye shimo, "baba hapa", jicho linafika saa hiyohiyo. Jirani anasema ni jini. Binti wa Makorora.

JIBU: Marahaba mwanangu. Jini mwacheni apumzike, hapa hana kesi, na miwani nayo haina kosa. Hilo la kidole ndo karibu jibu lote, umeligundua mwenyewe.

Iko hivi, jicho likitafuta kitu halitelezi, linaruka, hata wewe ukisoma hapa linaruka kama mara tatu kila sekunde. Kuna mruko wa kuitwa, kitu kimetikisika pale jicho likakimbilia, na kuna mruko wa kujituma, yaani uamue mwenyewe sasa nitazame lile shimo la pembeni. Parkinson inaubana zaidi huu wa kujituma, unachelewa kuanza halafu unaishia njiani, jicho linafika kwa vituovituo kama daladala. Na bao lina mashimo 32 na kete 64, hakuna wa kukuonyesha pa kutazama, macho uyatume mwenyewe, sasa mzee asikwame vipi?

Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inashikilia breki ya macho muda wote, ukitaka kutazama mahali breki inaachiwa kidogo. Kuiachia kunataka dopamini, kemikali ya ubongo ya kupelekeana ujumbe, na kwenye Parkinson seli zinazoitengeneza zinakufa. Halafu kuna mdundo. Seli za ubongo zinapiga umeme kwa pamoja, na mdundo mmoja unaitwa beta, mapigo 13 mpaka 30 kwa sekunde, kwa mtu mwenye afya unashuka pale anapotaka kufanya kitu kisha unarudi. Kwa mwenye Parkinson huko chini seli zinaung'ang'ania, ni kama ngomani wapigaji wote wamegoma kubadili pigo, mchezaji atageukaje? Levodopa, dawa ya Parkinson inayogeuka dopamini ubongoni, inaupunguza mdundo huo, hata ule upasuaji wa kuweka waya ubongoni, aliouanzisha daktari Benabid kule Grenoble, Ufaransa mwaka 1987, unapeleka umeme kama mara 130 kwa sekunde na beta inashuka.

Kutopepesa nako ni ugonjwa uleule, uso unakaza, mzee hajanuna wala nini. Jicho likikauka linachoma kama lina mchanga, matone ya machozi famasi yapo.

Sasa nikuulize, kidonge anameza saa ngapi? Kama ni saa sita na samaki wake na maharage juu, basi protini inagombania njia na levodopa, dawa inachelewa na kule barazani anafika mkavu. Ameze kama nusu saa kabla ya kula, tumbo likikubali. Dozi msiipunguze wala kuikata wenyewe, kukata ghafla ni hatari kweli. Mrekodi kwa simu akiwa anacheza, video ya dakika mbili inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Na ukiona anashindwa kutazama chini, kwenye ngazi hasa, au anaanguka chali mara kwa mara, mrudishe hospitali haraka, manake kuna magonjwa yanafanana na Parkinson na siyo yenyewe.

Wale wenzie wa baraza waambie tu kila mmoja akimaliza zamu yake agonge kidole shimo alipoishia. Huko siyo kumfundisha kucheza, asije akakasirika, kete atahesabu mwenyewe.